Mkuu na Timu ya Jumatano

Mkuu wetu hakuwahi kutazama penalti hata moja. Mwamuzi akishaonyesha mkono kule kwenye nukta, yeye aligeuka, akaupa uwanja mgongo, akakunja mikono juu ya koti lake la kijivu na kukodolea macho ukuta wa nyumba za majirani. "Mtaniambia ikiisha," alisema. Tulimwambia. Mara nyingi tuliyomwambia hayakuwa mazuri, maana timu aliyoifufua ilikuwa hodari wa kufungwa kuliko kufunga. Alishusha pumzi, akageuka, akawapigia makofi wote wawili, aliyepiga na aliyeshindwa kudaka.

Huyo ndiye mwanamke aliyesimama mbele ya baraza la chuo chake, hapa kusini mwa London, akatamka kwamba timu ya mpira itarudi, na kama hairudi watafute mkuu mwingine. Wala hakuwa na mapenzi na mpira. Aliujulia ukubwani, kama mjane anavyojifunza kuendesha gari. Mpaka anaondoka chuoni hakuelewa kuotea ni kitu gani. "Yule kijana amekimbia kuliko wenzake, ndiyo maana yuko mbele," aliniambia siku moja, amekasirika kwelikweli. "Sasa anaadhibiwa kwa mbio zake?"

Sisi tuliotoka Tanzania na Kenya tulimwita Mkuu, hata wale waliomzidi umri. Jina lake nalijua, lakini halijawahi kutoka mdomoni mwangu, na sitaanza leo. Mimi nafundisha uuguzi. Nilitoka Morogoro kuja kusoma pale pale chuoni, nikabaki kufundisha. Nilimtangulia yeye kufika, na ndiyo maana najua timu ile ilivyokufa mara ya kwanza.

Ilikufa na Salim. Alikuwa mwanafunzi wa uhandisi, kiungo, mrefu, mwenye kucheka hata akipigwa kiatu. Vyuo vya huku hucheza Jumatano mchana, vipindi vikisimama. Jumatano hiyo Salim alisimama katikati ya uwanja bila kuguswa na mtu, akainama akashika magoti kama anayetafuta kitu kilichomdondoka kwenye nyasi, halafu akaanguka. Ulikuwa moyo. Mashine ya kuushtua moyo haikuwepo karibu, na waliomzunguka hawakujua kumbonyeza kifua. Walimfunika jaketi wakamwita jina. Gari la wagonjwa lilipofika, walikuwa bado wanamwita.

Uongozi wa wakati ule uliomboleza kama ofisi zinavyoomboleza. Yaliletwa maua, ikawekwa dakika ya kimya, kisha likawekwa kufuli getini. Timu ikavunjwa. Miaka ikapita. Miiba ikapanda mpaka kwenye nyavu, na mbweha wakazaa nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo. Wanafunzi wapya waliuita uwanja ule kwa jina baya ambalo sitaliandika.

Mkuu alipoteuliwa, mama yake Salim alinipigia simu. Yeye ni mtu wa Mombasa, kazi yake kuhudumia wazee majumbani huku Lewisham, akitoka nyumba hii anaingia ile, na tulifahamiana tangu siku za msiba. "Nasikia mmepata mkubwa mpya, na yuajua Kiswahili," alisema. "Nipeleke." Nikampeleka. Aliingia ofisini na sare yake ya kazi, hajavua hata viatu vya mpira.

"Pole sana, mama," Mkuu alimwambia. "Nimeelezwa habari za mwanao. Wenzangu waliotangulia waliona heshima ni kuufunga uwanja."

"Heshima ya nani?" Mama Salim alikuwa amekataa kiti. "Mimi napita pale na basi kila siku. Naona miiba. Mmefanya kaburi pahali ambapo mwanangu hakuzikwa. Alipozikwa napajua, naenda namsomea. Pale nataka watoto wacheze."

Mkuu alivua miwani. Nilidhani anatafuta yale maneno laini ambayo wakubwa huyatumia kumsindikizia mtu mlangoni. Badala yake alisimama, akatoka nyuma ya meza, wakawa wamesimama wawili uso kwa uso.

"Timu itarudi," alisema. "Na mtoto akianguka, atakuwepo wa kumwinua."

"Watu wa ofisi husema."

"Haijasema ofisi. Nimesema mimi."

Tulipokuwa tunashuka ngazi, Mama Salim alinishika mkono. "Huyu ameogopa," aliniambia. "Afadhali. Asiyeogopa huligeuzia jambo kichogo."

Katika baraza la chuo mimi nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi, kwa hiyo nilishuhudia alivyoipigania ahadi ile. Mjumbe mmoja, mzee mwenye sauti ya upole kama ya daktari, alieleza kwamba chuo kisicho na timu hakiwezi kufiwa uwanjani. Mkuu alimsikiliza hadi mwisho. "Ni kweli," alimjibu. "Na chuo kisicho na wanafunzi hakiwezi kufiwa kabisa. Tukifunge?" Hakuna aliyecheka. Mkutano wa kwanza walimkatalia, wa pili wakamkatalia, wa tatu wakachoka kumkatalia. Alikuwa na ustahimilivu wa maji ya bomba linalovuja: hana kelele, lakini hulali.

Kisha akaniita mimi niwe mlezi wa timu. Nilimwambia sijui mpira. "Mimi pia," alisema. "Mioyo unaijua. Nenda na hiyo."

Sharti lake la kwanza lilikuwa kwamba hakuna atakayekanyaga nyasi zile, awe mchezaji, kocha au mkuu, kabla hajajifunza huduma ya kwanza. Nikawafundisha mimi, kwenye zulia la ukumbi, kwa mwanasesere wa plastiki asiye na miguu. Mkuu alipiga magoti na suti yake, akaweka viganja juu ya kifua cha mwanasesere, akabonyeza kwa woga kama anayejaribu unga wa maandazi.

"Zaidi, Mkuu," nilimwambia.

"Nikizidisha nitamvunja mbavu."

"Mbavu hupona. Bonyeza."

Alibonyeza. Alibonyeza mpaka miwani ikamdondoka, na nilipomwambia inatosha hakuacha. Alikuwa analia bila sauti, machozi yanaingia kwenye zulia, vijana wote wanatazama pembeni. Tangu siku hiyo aliyafanya maneno yale kuwa yake. Akikata bajeti ya idara, akimhamisha mtu asiyetaka kuhama, akimwambia mwanafunzi ukweli kuhusu tasnifu mbovu, alimalizia hivyo: mbavu hupona. Wengine walipenda kumsikia akisema. Wengine walikuwa ndio wenye mbavu.

Maana hakuwa mtu mwepesi kufanya naye kazi, na sitaki kumpaka sukari. Aliweza kumliza mtu wa mapokezi kwa sababu ya mlango ulioachwa wazi. Alipiga marufuku kula ofisini, na droo yake mwenyewe ilinuka karanga za kukaanga. Alitukazania tupumzike, tulale, tuwaone watoto wetu, akayasema hayo katika barua pepe alizozituma Jumapili. Binti yake, aliyezaliwa hapa na anayeishi Queensbury, kaskazini mwa jiji, alikuja uwanjani mara moja tu. Alisimama karibu nami na mwavuli, akamwangalia mama yake akigawa maandazi kwa wachezaji. Kiswahili anakisikia chote, lakini hujibu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza hicho akaniambia polepole: watoto wa mama yangu ni kumi na mmoja, na mimi simo.

Maandazi yale aliyakaanga mwenyewe kila Jumanne jioni na kuja nayo kwenye bakuli lenye kifuniko. Nusu ya wachezaji walikuwa watoto wa watu wetu, Wakongo, Watanzania, Wakenya, waliokulia mitaa ya huku. Yeye alishikilia kusema nao Kiswahili hata wakihangaika.

"Umekula?" alimuuliza nahodha.

Nahodha, ambaye wazazi wake ni wa Mwanza, alimjibu kwa Kiingereza kwamba yuko sawa.

"Sijauliza kama uko sawa. Nimeuliza, umekula?"

Ilifika mahali kijana akimwona tu Mkuu anavuka maegesho alipaza sauti, "Nimekula!" kabla hajaulizwa. Hilo ndilo neno la Kiswahili ambalo timu nzima iliondoka nalo, hata kipa wetu aliyetoka Poland.

Kocha alikuwa Mkongo wa Lewisham, aliyekuwa akifundisha timu ya kanisa lake, mpole, mwenye Kiswahili cha Bukavu. "Mama Mkuu," alimwambia baada ya mechi ya kwanza, tuliyofungwa mpaka watazamaji wakaacha kuhesabu, "hii kazi itakamata wakati."

"Ichukue," alisema Mkuu. "Mimi sikuahidi kushinda."

Hapo ndipo wengi hawakumwelewa. Vyuo vingine vinavyofufua timu vinataka vikombe na picha za kuwavutia wanafunzi wapya. Baraza nalo lilitaka hivyo, kwa kuwa limeshakubali. Yeye alitaka watu wacheze na warudi nyumbani. Mechi ilipokwisha alihesabu wachezaji kwa macho, mmoja mmoja, wakiingia chumbani kubadili nguo, na hapo tu mabega yake yalishuka. Ukutani pembeni ya mlango ilining'inia mashine ya kushtua moyo, kwenye kisanduku cha kijani. Aliifungua kila Jumatano kuona kama taa yake inawaka.

Mama Salim alikuja pia, Jumatano nyingi, kati ya zamu mbili za kuhudumia wazee. Alisimama upande wa pili, peke yake, na mfuko wa soko mkononi. Wale wanawake wawili hawakusimama pamoja hata siku moja. Waliinuliana mkono kutoka mbali, basi. Lakini nilimwona Mkuu mara nyingi akitafuta upande ule kwa macho kabla mwamuzi hajapiga filimbi ya kuanza.

Siku tuliyoshinda mara ya kwanza, Mkuu hakuwepo. Aliitwa kwenye mkutano wa dharura huko makao makuu ya chuo kikuu kinachomiliki chuo chetu. Nilimpigia simu nikipiga kelele, wachezaji nyuma yangu wanaimba. Nikasikia anapenga kamasi. "Mechi zote nimesimama kwenye mvua," alisema, "na hii moja nimekaa kwenye kiti cha ngozi nakula biskuti." Alikuwa na hasira kama mtoto aliyenyimwa. Sikujua wakati huo mkutano ule ulihusu nini.

Ulihusu uwanja. Chuo kikuu kilikuwa na hali mbaya, kama vilivyo vyuo vingi vya nchi hii sasa. Wanafunzi wa kutoka nje wamepungua, gharama zimepanda. Makao makuu yalimpa Mkuu njia mbili: uuzwe uwanja, zijengwe nyumba, au ifungwe idara ya uuguzi. Alibishana nao muhula mzima, na hakumwambia mtu. Alikonda. Maandazi yakawa yanakuja yameungua upande mmoja.

Mwishowe alisaini kuuza.

Idara iliyosalimika ilikuwa yangu. Ilikuwa ni mimi na wenzangu, na wanafunzi waliovuka bahari kusomea kazi ile, wengine wao wakitumia akiba yote ya ukoo. Siku aliyoniambia, alinifuata darasani, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akasubiri mpaka mwanafunzi wa mwisho ametoka.

"Leo nitawaambia vijana," alisema. "Nataka uwepo, lakini usinitetee."

"Kwa nini nisikutetee, Mkuu?"

"Kwa sababu wataona umenitetea kwa ajili ya kazi yako. Nawe utajiona hivyo."

Mvua ilikuwa inanyesha, ile nyembamba ya huku isiyokuwa na sauti. Wachezaji walikuwa wanapasha miguu moto. Aliwaita katikati ya uwanja, hakuwapeleka ukumbini, hakutuma barua pepe, hakumtuma msemaji. Aliwaambia kwa maneno machache kwamba uwanja umeuzwa, kwamba aliyesaini ni yeye, kwamba timu ataitafutia pa kuchezea. Kocha alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili.

Walimpigia kelele. Sikuwahi kuwasikia vijana wakimpigia kelele mtu mzima namna ile, na mara hii wengine walitumia Kiswahili, Kiswahili cha matusi, ambacho kumbe walikuwa wanakijua. Yeye alisimama tu, maji yanamtiririka kwenye miwani. Nahodha alimsogelea mpaka karibu na uso. "Mbavu hupona, Mkuu," alimwambia. "Si ndivyo?"

Mkuu alifungua mdomo.

Mama Salim alikuwa amefika, na alisikia yote. Alivuka uwanja kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Vijana wakampisha. Nilidhani atampiga.

"Uliniambia si ofisi, ni wewe," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na leo ni nani?"

"Ni mimi."

Mama Salim alimwangalia, akatikisa kichwa polepole, akachukua mfuko wake akaenda zake kituoni. Mkuu alibaki pale mpaka uwanja ukabaki mtupu. Mimi nilisimama naye, sikumtetea, kama alivyotaka. Hadi leo sijui kama nilimtii au nilimwacha.

Aliondoka chuoni mwisho wa mwaka ule. Walimwandalia hafla, na watu waliokuja hawakujaza hata nusu ya chumba. Kabla hajaondoka aliipatia timu uwanja wa kukodi, mbali, kando ya barabara kuu, safari ya mabasi mawili. Nusu ya wachezaji waliacha. Kocha hakuacha. Kisanduku cha kijani kilihamia huko pamoja nao. Pale penye uwanja wa zamani sasa kuna ghorofa lenye vioo na baiskeli chini. Mimi napita njia nyingine.

Halafu, baridi iliyopita, binti yake akanipigia simu. Mkuu amepatwa na kiharusi, upande wa kulia. Yuko nyumbani kwa binti, Queensbury. Lakini jambo lililomfanya binti anipigie lilikuwa jingine. Kiingereza kimemtoka. Mwanamke aliyeongoza mabaraza kwa lugha ile zaidi ya nusu ya maisha yake, aliamka hospitalini hana hata neno moja la kuombea maji. Kilichobaki ni Kiswahili, tena kidogo, tena kizito. Binti anamwelewa, lakini ulimi haumfikishi kujibu. Wahudumu wanaoletwa na kampuni hawaelewi kitu. "Anaongea siku nzima," binti aliniambia kwa Kiingereza, "na hakuna wa kumjibu." Akaanza kulia.

Nilimweleza Kocha, nikamwomba aulizie kanisani kama yupo mhudumu anayejua lugha. Niliwaza kwenda mwenyewe Jumamosi. Kazi zikanibana, na ikapita zaidi ya Jumamosi moja.

Nilipopata nafasi nilipanda treni kutoka Lewisham mpaka kituo cha kubadilishia, nikashika ile ya kwenda kaskazini, safari ndefu ya kutosha kupanga maneno na kuyasahau. Mtaa ni wa nyumba zinazofanana, za Wahindi wengi waliotoka kwetu zamani. Mzee mmoja aliyekuwa anafagia mlango wake aliponiona natafuta namba alinielekeza kwa Kiswahili cha Nairobi. Nilibonyeza kengele. Aliyefungua alikuwa Mama Salim.

Alikuwa amefunga leso kiunoni, mikono ina unga. Tulitazamana. "Ingia, watia baridi nyumbani," aliniambia.

Nilimfuata jikoni. Alikuwa anakoroga uji. Nilimuuliza kama kampuni ndiyo iliyompangia.

"Kampuni haijui. Mkongo wenu alinambia. Nakuja siku zangu za mapumziko."

Nikasema, "Umemsamehe. Mungu akulipe."

Aligeuka na mwiko mkononi. "Nani amekwambia nimemsamehe? Sijamsamehe." Akarudi kwenye sufuria. "Lakini mtu kusema mchana kutwa asijibiwe, hilo hata adui simwombei."

Mkuu alikuwa amekaa karibu na dirisha, mto chini ya mkono uliokufa. Nywele zake zilikuwa zimesukwa upya, mistari imenyooka. Nilimwamkia. "Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba." Ilitoka nusu, lakini ilitoka. Alinitambua. Jicho moja lilijaa maji, na sikuweza kujua kama ni machozi au ni ule ugonjwa. Nilimweleza habari za idara, za wanafunzi waliohitimu, za Kocha. Nilipotaja timu aliinua mkono wake mzima kunizuia. Alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa anamtazama Mama Salim, aliyeingia na bakuli na kukaa kwenye kigoda mbele yake.

"Uwanja," alisema Mkuu. Alihangaika, mdomo ukapinda. "Uwanja... niliu... niliuuza."

Binti alikuwa amesimama mlangoni, bado na koti la kazini. Nikaelewa kwamba hii haikuwa mara ya kwanza kuyasema, kwamba huenda ndiyo aliyokuwa akiyasema siku nzima, siku zote zile, kwa watu wasiojua maana yake.

Mama Salim alichota uji, akaupuliza, akaujaribu kwa ncha ya mdomo.

"Uliuuza," alimwambia. "Najua, nilikuwepo. Meza kwanza, halafu uniambie tena."

Mkuu akafungua mdomo.